Sudan: Mwaka wa Kwanza wa Vita (15 Aprili 2023 – 15 Aprili 2024) na Wajibu wa Mkristo

Utangulizi

Jina la Sudan hutajwa mara nyingi katika Maombi ya Waamini na katika miito ya Baba Mtakatifu baada ya Sala ya Malaika wa Bwana. Tunaitikia, tunaiombea amani, kisha jina hilo linapita. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya makatekista, walimu, viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo na vijana wa jimbo letu, ili wajue kilichotokea katika nchi hiyo kwa muda wa mwaka mmoja, na waweze kuwaeleza wengine kwa usahihi.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: vita vya Sudan si vita vya Waislamu dhidi ya Wakristo. Ni ugomvi wa majeshi mawili yaliyolelewa na dola moja. Na wengi waliopata mateso yake hawakuwa vitani kabisa. Waliteseka kwa sababu mwaka wao ulivunjika: mbegu hazikupandwa, mavuno hayakuingia ghalani, shule hazikufunguliwa, mishahara haikulipwa. Mkulima wa Ufipa, ambaye maisha yake yote hufuata msimu, anaweza kuielewa habari hii haraka.

Sudan ni nchi ya namna gani?

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na mwaka huohuo ikajiunga na Umoja wa Nchi za Kiarabu. Kiarabu ndiyo lugha inayounganisha watu wake, na walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Suni. Hata hivyo ni nchi ya makabila mengi: Wabeja wa upande wa Bahari ya Shamu, Wanubi wa kando ya Mto Nile, Wanuba wa milima ya Kordofan Kusini, Wafur, Wamasalit na Wazaghawa wa Darfur, pamoja na jamii nyingi za Kiarabu. Mji mkuu, Khartoum, umejengwa mahali ambapo Nile ya Buluu, inayotoka Ethiopia, hukutana na Nile Nyeupe, inayotoka Ziwa Victoria. Kwa hiyo maji ya Mto Kagera, baada ya safari ndefu, hupita katikati ya mji huo.

Kanisa Katoliki nchini humo lina Jimbo Kuu la Khartoum na Jimbo la El Obeid. Waamini wake wengi wana asili ya Sudan Kusini na ya Milima ya Nuba. Mbegu yake ilipandwa na wamisionari wa karne ya 19, na miongoni mwao ni Mtakatifu Daniele Comboni, aliyefariki dunia Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881. Maaskofu wa Sudan ni wanachama wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, pamoja na maaskofu wetu wa Tanzania. Mkutano Mkuu wa shirikisho hilo wa mwaka 2022 ulifanyika Dar es Salaam. Kwa hiyo tunapoitaja Sudan tunalitaja Kanisa dada.

Watanzania pia wamemwaga damu huko. Tarehe 13 Julai 2013, askari 7 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika waliuawa kwa kushambuliwa njiani, Darfur Kusini. Na vita vilipolipuka mwaka 2023, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Khartoum, waliondolewa kwa barabara kupitia Ethiopia na kurudishwa nyumbani kwa ndege mwishoni mwa Aprili.

Chanzo cha vita

Tangu uhuru, Sudan imepata miaka michache tu ya amani. Vita kati ya serikali na kusini vilidumu tangu 1955 hadi 1972, vikarudi mwaka 1983 na kuisha mwaka 2005. Sudan Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai 2011. Kabla ya vita hivyo kuisha, mwaka 2003, moto mwingine uliwaka Darfur. Serikali ya Omar al-Bashir, aliyekuwa amechukua madaraka kwa mapinduzi ya mwaka 1989, iliwapa silaha wanamgambo wa jamii za wafugaji ili wapigane na waasi kwa niaba yake. Wanamgambo hao, Janjawidi, walichoma vijiji na kuua raia. Mwaka 2013 serikali iliwapa sehemu ya wanamgambo hao sare, mishahara na jina jipya: Vikosi vya Msaada wa Haraka, maarufu kwa ufupisho wa RSF. Kiongozi wake ni Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana zaidi kama Hemedti.

Wananchi walipofurika mitaani kudai mabadiliko, al-Bashir aliondolewa tarehe 11 Aprili 2019. Iliundwa serikali ya mpito iliyochanganya raia na wanajeshi, Abdalla Hamdok akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 25 Oktoba 2021, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi, akishirikiana na Hemedti, aliipindua serikali hiyo. Baadaye washirika hao wawili walishindwa kuelewana. Chini ya makubaliano ya Desemba 2022 ya kurudisha utawala wa kiraia, RSF walipaswa kuingizwa katika jeshi la taifa. Jeshi lilitaka kazi hiyo ikamilike ndani ya miaka 2. RSF walitaka miaka 10. Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na swali la nani atamwamuru nani, na nani atabaki na dhahabu, makampuni na silaha.

Mwaka huo hatua kwa hatua

Aprili na Mei 2023. Risasi za kwanza zilipigwa Khartoum asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili. Kwetu ilikuwa mkesha wa Dominika ya Huruma ya Mungu. Kwa Wakristo wa Kikopti ilikuwa Jumamosi Kuu. Kwa Waislamu yalikuwa ni makumi ya mwisho ya Ramadhani. Uwanja wa ndege, ikulu na makao ya jeshi viligeuka uwanja wa vita katikati ya mji wenye mamilioni ya watu. Sikukuu ya Idi ilipita watu wakiwa wamejifungia majumbani bila maji wala umeme. Tarehe 11 Mei, huko Jeddah, pande zote mbili zilitia saini ahadi ya kuwalinda raia, zikisimamiwa na Saudi Arabia na Marekani. Usitishaji wa mapigano ulitangazwa mara kadhaa, na kila mara ulivunjwa.

Juni hadi Agosti 2023. Vita viliingia Darfur kwa ukatili wa pekee. Katika mji wa El Geneina, karibu na mpaka wa Chad, RSF na wanamgambo wa Kiarabu walioungana nao waliwawinda Wamasalit nyumba kwa nyumba. Gavana wa Darfur Magharibi, Khamis Abakar, aliuawa tarehe 14 Juni. Waliokimbia kwa miguu kuelekea mji mdogo wa Adré, nchini Chad, walipigwa risasi njiani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria baadaye kwamba waliouawa El Geneina pekee katika mwaka huo ni kati ya watu 10,000 na 15,000. Mwezi Agosti Jenerali al-Burhan alitoka Khartoum, na Port Sudan, mji wa bandari, ukawa makao ya serikali yake.

Oktoba na Novemba 2023. RSF waliteka Nyala, mji mkubwa kuliko yote Darfur, kisha Zalingei, El Geneina na Ed Daein. Kati ya miji mikuu ya majimbo ya Darfur, El Fasher peke yake ulibaki nje ya mikono yao. Huko Khartoum, daraja la Shambat, lililounganisha Omdurman na Khartoum Kaskazini, lilibomolewa mwezi Novemba.

Desemba 2023. Katika juma la mwisho la Majilio, RSF waliingia Wad Madani, mji mkuu wa jimbo la Al Jazirah, baada ya jeshi kuondoka. Mji huo ulikuwa kimbilio la maelfu waliotoka Khartoum. Watu wapatao 300,000 walikimbia katika siku chache, na wengi wao walikuwa wakikimbia kwa mara ya pili.

Februari hadi Aprili 2024. Mawasiliano ya simu na intaneti yalikatika karibu nchi nzima mwezi Februari, na pamoja nayo ikakatika njia ya watu kutumiana fedha kwa simu. Kwaresima na Ramadhani vilikutana mwaka huo. Tarehe 8 Machi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitaka mapigano yasimame kwa heshima ya Ramadhani, lakini hayakusimama. Tarehe 15 Aprili, siku mwaka ulipotimia, mataifa yalikutana Paris na kuahidi msaada unaozidi euro bilioni 2.

Mwaka uliopotea

Katika muda wa miezi 12, zaidi ya watu milioni 8 waliyahama makazi yao. Wengi walihamia sehemu nyingine za Sudan. Karibu milioni 2 walivuka mpaka kuingia Chad, Misri, Sudan Kusini, Ethiopia na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu wapatao milioni 25, yaani karibu nusu ya taifa, walihitaji msaada. Ili mtu wa Rukwa apate picha, nchi yetu ina watu zaidi ya milioni 60: ni kana kwamba Watanzania milioni 30 wangekuwa hawawezi kuishi bila msaada.

Inafaa kuangalia jinsi njaa ilivyoingia. Katika sehemu kubwa ya Sudan mtama na uwele hupandwa mvua zinapoanza, mwezi Juni na Julai, na huvunwa kuanzia Novemba. Vita vilipoanza Aprili, mkulima alikuwa ndiyo kwanza anatafuta mbegu, mbolea, mafuta ya trekta na mkopo. Benki zilikuwa zimefungwa au zimeporwa, wafanyabiashara wamekimbia, barabara zimejaa vizuizi. Pale mazao yalipoota, mengi yalikosa wa kuyavuna. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liligundua kwamba mavuno ya nafaka ya mwaka 2023 yalipungua kwa asilimia 46 kulinganisha na mwaka uliotangulia.

Ndipo likaja pigo la Al Jazirah. Jimbo hilo liko kati ya Nile mbili na lina mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa mwaka 1925, wenye eneo linalozidi hekta 800,000. Ni ghala la Sudan, kama vile nyanda za Ufipa zilivyo mojawapo ya maghala ya Tanzania. Ngano ya huko hupandwa Novemba. RSF walipoingia Desemba, mche ulikuwa shambani na mwenye shamba alikuwa barabarani. Hata akiba ya msaada haikusalimika: ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliporwa huko, likiwa na chakula cha kutosha watu milioni 1.5 kwa mwezi mzima.

Sisi tunajua maana ya lori la mahindi kutoka Sumbawanga kushindwa kufika linakokwenda, hata kwa wiki moja ya barabara mbovu. Tunajua pia kwamba anayekula mbegu yake leo hana cha kupanda mwakani. Mkulima aliyekosa msimu mmoja huuza ng'ombe, kisha jembe, kisha humtoa mtoto shule. Kwa hiyo hasara ya mwaka wa vita haiishi siku bunduki zinaponyamaza.

Upande wa shule, watoto wapatao milioni 19 walikuwa nje ya masomo, kadiri ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto. Walimu na watumishi wengine wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Upande wa afya, kati ya asilimia 70 na 80 ya hospitali katika maeneo ya mapigano hazikufanya kazi. Mama mjamzito, mgonjwa wa figo na mwenye kisukari hawahesabiwi miongoni mwa waliouawa kwa risasi, lakini vita ndivyo vilivyowaua.

Waliobaki kuhudumia

Katika giza hilo ilionekana pia neema. Wakazi wa mitaa ya Khartoum na miji mingine, vijana wengi wao, waliunda vikundi vya kujitolea vilivyoitwa Vyumba vya Dharura. Walipika chakula cha pamoja kwa ajili ya majirani, wakatafuta dawa, wakachimba makaburi, wakaonyesha njia salama za kutokea. Fedha nyingi zilitoka kwa ndugu zao walio ughaibuni. Baadhi yao walikamatwa au kuuawa, kwa kuwa kila upande uliwashuku kuwa ni wa upande wa pili. Wengi wa wasamaria hao ni Waislamu, na Mkristo anayeijua Injili ya Luka hawezi kushangaa kwamba jirani wa kweli ametokea kule ambako wengine hawakumtarajia.

Kanisa nalo liliteseka pamoja na watu. Parokia nyingi za Khartoum zilibaki bila mapadre wala waamini. Katika eneo la Shajara, Khartoum, masista wa Shirika la Binti wa Maria Msaada wa Wakristo, wanaofahamika kama masista Wasalesiani, pamoja na padre mmoja, walikataa kuwaacha wanawake na watoto waliokimbilia katika nyumba yao ya Dar Mariam. Nyumba hiyo ilipigwa bomu Novemba 2023. Chuo cha Comboni, kilichoanzishwa Khartoum mwaka 1929, kilihamishia masomo yake Port Sudan ili wanafunzi wasipoteze kila kitu. Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye Februari 2023 alikuwa amekwenda Juba kuwasihi viongozi wa Sudan Kusini wapatane, alitoa miito mingi katika mwaka huo ili silaha ziwekwe chini pia huko Sudan.

Mafundisho tunayopata

Kwanza, Kanisa linafundisha kwamba hata vita vikishaanza, sheria ya maadili haisimami. Kuwashambulia raia, kuwatendea wanawake jeuri na kuwanyima watu chakula ili wasalimu amri ni uhalifu mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu. Anayetii amri ya kufanya hivyo haondolewi hatia kwa kuwa aliamriwa. Aidha, wanaouza silaha au kununua dhahabu inayolipia silaha hizo wanashiriki dhambi, hata wakiwa mbali na moshi wake.

Pili, dola inayokodi wanamgambo wafanye kazi ambayo yenyewe inaona aibu kuifanya hadharani inajilelea adui. Waliochoma vijiji vya Darfur mwaka 2003 hawakuwajibishwa, walipandishwa vyeo. Miaka 20 baadaye moto huo uliingia mji mkuu. Msamaha wa Kikristo haufuti haja ya haki, na amani iliyowasahau waliodhulumiwa haidumu.

Tatu, tusikubali maelezo mepesi ya kwamba "Waarabu wanauana". Wamasalit waliouawa El Geneina ni Waislamu. Wauguzi, wapishi na wachimba makaburi waliowahudumia majeruhi wa Khartoum wengi wao ni Waislamu. Anayeitumia Sudan hapa kwetu kuchochea chuki kati ya misikiti na makanisa anasema uongo juu ya watu wanaoteseka.

Mkoa wetu wa zamani wa Rukwa unajua kupokea. Makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo leo yamo katika Jimbo la Mpanda lililozaliwa kutoka jimbo letu mwaka 2000, yalifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na baadaye maelfu mengi kati yao walipewa uraia wa Tanzania. Adré nchini Chad na Renk nchini Sudan Kusini zinafanya leo, kwa umaskini mkubwa zaidi, kile kilichofanyika hapa.

Baada ya mwaka wa kwanza

Vita havikuishia Paris. Agosti 2024 wataalamu walithibitisha njaa ya kiwango cha juu kabisa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Jeshi liliirudisha Wad Madani mikononi mwake Januari 2025, na Khartoum mwezi Machi mwaka huo. Tarehe 26 Oktoba 2025 El Fasher ulitekwa na RSF, na mauaji ya raia yakafuata. Kila moja ya matukio hayo lilikuwa na mizizi katika mwaka tuliousimulia.

Tufanye nini?

Jimbo letu lina sababu ya pekee ya kuikumbuka Darfur. Mtakatifu Josefina Bakhita alizaliwa huko kama mwaka 1869, akatekwa utotoni na kuuzwa mara kadhaa. Jina Bakhita alipewa na waliomteka, na lina shina moja na neno letu bahati. Miaka ileile, upande wa magharibi ya Afrika, mtoto mwingine alitekwa na kuuzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika nchini Algeria, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Huyo ni Adrian Atiman, katekista na tabibu, aliyewahudumia watu wetu hadi alipofariki mwaka 1956, na ambaye hospitali ya jimbo hapa Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Sisi tulipokea huduma ya maisha yote kutoka kwa mtu aliyenyang'anywa kwao na jeuri ya wenye silaha.

Kwa hiyo Jumuiya zetu zinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji mali nyingi. Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, Jumuiya isali Rozari kwa ajili ya Sudan, ikitaja miji kwa majina: El Geneina, Wad Madani, El Fasher. Wakati wa mavuno, familia itenge debe moja la mahindi, fedha yake ipelekwe parokiani kwa ajili ya Caritas, ikielezwa wazi ni kwa ajili ya wakimbizi. Na walimu wa dini wawafundishe watoto habari hii kama ilivyo, wakiwa pamoja na wenzao Waislamu inapowezekana.

Mtakatifu Josefina Bakhita, utuombee. Mtakatifu Daniele Comboni, utuombee.